Vitabu vinne chini ya nyanya

Jumamosi iliyopita nilitumwa nyanya sokoni, nikarudi na nyanya na vitabu vinne. Nyumbani swali likawa lilelile: "Hivi hivyo vingine umeshavimaliza?" Bado. Rafu imejaa, mvunguni kuna boksi mbili, na mimi naendelea kununua. Lakini safari hii nina la kujitetea. Nilipovipanga vile vinne kwa mwaka wa kutolewa, nikaona nimeshika karibu miaka thelathini ya historia yetu.

Cha kwanza ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari wa Unguja. Hadithi hiyo ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1948. Kitabu kikatoka 1960. Kabla ya hapo, msomaji wa Kiswahili aliyetaka hadithi ya kusisimua alipewa zaidi tafsiri. Mashimo ya Mfalme Sulemani, kwa mfano, ilitoka 1929, na humo Afrika ni mahali ambapo Wazungu wanakuja kutafuta hazina. Abdulla akatuletea Bwana Msa, mtu wa hapahapa, mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni.

Watu husema Bwana Msa ni Sherlock Holmes wa Unguja. Sawa, kiko na rafiki vinafanana. Lakini mafumbo anayofumbua, katika riwaya nyingi za Abdulla, yamefungwa kwenye nasaba: nani mtoto wa nani, nani anarithi, nani alificha ndoa gani. Huyafumbui hayo kwa kuangalia majivu ya sigara peke yake. Inabidi ujue watu na koo zao. Na pale wengine wanapoogopa mzimu, yeye anauliza: nani anafaidika tukiogopa?

Cha pili ni Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, 1965. Miaka mitano tu imepita, lakini dunia ni nyingine. Mpelelezi sasa ni Inspekta Wingo, polisi wa serikali, na kifo kinapita kwenye waya wa simu. Bwana Msa alichunguza kama jirani mwenye akili. Wingo anachunguza kama kazi. Nchi imepata uhuru, na hata hadithi zetu zimeanza kuvaa sare.

Cha tatu ndicho kilichonifanya nisahau nyanya: Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, 1974. Willy Gamba ni jasusi, na anatumwa Nairobi kuzisaka nyaraka za harakati za ukombozi zilizoibwa. Kijana wa leo anaweza kusema, aah, hizi ni filamu za James Bond tu. Lakini mkumbuke Dar es Salaam ya wakati ule. FRELIMO ilianzishwa humo mwaka 1962, na Kamati ya Ukombozi ya OAU ikaweka makao yake humo kuanzia 1963. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa palepale mjini kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Ndiyo, kitabu. Kwa hiyo msomaji wa 1974 alipomkuta Gamba anamshuku kila mtu, hakuona chumvi nyingi. Msumbiji na Angola zilikuwa bado mikononi mwa Wareno.

Cha nne ni Dar es Salaam Usiku cha Ben Mtobwa, 1990. Angalia jina la mchapishaji: Heko, kampuni ya Mtobwa mwenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na lile shirika la vitabu likaenda nalo. Miaka iliyofuata ilikuwa ya shida, karatasi zenyewe zilikuwa za kutafuta. Waandishi wa aina hii hawakukaa kusubiri. Walichapisha wenyewe, wakasambaza wenyewe. Ndiyo maana riwaya nyingi za wakati huo zilitoka kwenye karatasi hafifu, zikapita mikono mingi, na leo ni adimu kuliko vitabu vya zamani zaidi yake.

Wapo wasomi walioziita fasihi pendwa huku wamebetua midomo, kana kwamba kupendwa ni kosa. Matokeo yake, kazi ya kuzihifadhi imebaki kwa mtu na rafu yake.

Na hapo ndipo penye uchungu. Nakala yangu ya Kufa na Kupona haina kurasa za mwisho. Ina muhuri wa maktaba ya shule, imesomwa mpaka imechoka, na mwisho wake umekwenda na mtu. Nilipotaka kuirudisha, mzee muuzaji akanishika mkono: "Chukua tu mwanangu, mwisho nitakusimulia." Akanisimulia, amesimama palepale juani, bila kusita, pamoja na maneno ya Gamba mwenyewe kama anavyoyakumbuka. Alikisoma akiwa kijana.

Usiku ule nikaandika alichoniambia kwenye karatasi mbili nikazibandika ndani ya jalada. Sijui kama ndivyo Musiba alivyomaliza. Natafuta nakala nzima nilinganishe.

Basi, kama kwenu kuna boksi la vitabu vya baba au shangazi, vifungue kabla havijawa vifungashio vya karanga. Na ukikutana na Kufa na Kupona yenye kurasa zote, nina nafasi. Kule mvunguni, boksi la tatu.