Nani Alimtangulia Daktari kwa Mtoto Mgonjwa wa Gusii?

Kila kanisa au hospitali ya Kisii na Nyamira, nchi ya Abagusii huko Kenya, inapoadhimisha miaka yake, dai lile lile husikika: huruma kwa mtoto mgonjwa wa maskini ililetwa na wamisionari. Likirudiwa sana huonekana historia. Mimi naliona kuwa historia ya majengo tu.

Tarehe zinajulikana. Wakatoliki wa Mill Hill walifungua Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakafika Nyanchwa muda mfupi baadaye, na hospitali yao ya Kendu, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, ikaanza kazi 1925. Hospitali ya serikali mjini Kisii ilianzishwa 1916 kwa ajili ya askari waliojeruhiwa vitani; mtoto hakuwamo katika hesabu hiyo. Watawa Wakamiliani wa hospitali ya Tabaka walikuja baadaye sana.

Chanzo ambacho wanaotunga vitabu vya maadhimisho hawakigusi ni *Child Care and Culture*, kilichochapishwa 1994. Mwandishi wake mkuu, mwanaanthropolojia Robert LeVine, alikuwa ameishi miongoni mwa Abagusii tangu 1955 hadi 1957. Akarejea kati ya 1974 na 1976 na kundi lililokuwa na madaktari wa watoto. Wakati huo mama wa Kigusii alizaa, kwa wastani, watoto zaidi ya 8. Yeye na wenzake waliona kwamba lengo la kwanza la mama huyo lilikuwa mtoto asife: amnyonyeshe, ambebe, alale naye, na akilia tu atulizwe papo hapo, ama na mama ama na omoreri, yaya mdogo ambaye mara nyingi ni dada wa mtoto. Malezi hayo waliyaita mfumo wa tiba ya watoto, tofauti na ule wa akina mama wa Boston waliotanguliza kumfundisha mtoto.

Waandishi hao waliona pia kwamba mama wa Kigusii humwongelesha mtoto mchanga kidogo na hamkazii macho. Wapo waliosoma hapo ubaridi. Wengine huongeza nadharia ya Nancy Scheper-Hughes, aliyeandika 1992 kuhusu akina mama wa kaskazini-mashariki mwa Brazil waliojizuia kuwapenda watoto dhaifu kwa sababu ya ufukara. Huenda aliona sawasawa kule. Kuibandika kila penye umaskini ni uvivu. Kunyamaza na mtoto mgongoni si kumwacha.

Pingamizi zito kwa LeVine ni lingine. Malezi aliyoyaeleza yalikuwa ngao dhidi ya homa na kuhara vya utotoni. Hayazibi tundu la moyo wala hayatibu saratani ya damu. Hapo upendo wa nyumbani hudai fedha, na fedha zilizidi kudaiwa baada ya Desemba 1989, ada zilipoanzishwa katika hospitali za umma. Zilisitishwa 1990, zikarejeshwa polepole kuanzia 1992. Mtoto wa chini ya miaka 5 alisamehewa kwenye karatasi. Nauli haikusamehewa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilibidi iamue kwamba kuwazuilia akina mama katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa sababu ya bili kulivunja haki zao.

Ufadhili umesaidia kweli. Mbio za hisani za Hospitali ya Mater, zilizoanza 1993, zimelipia upasuaji wa moyo kwa watoto wa maskini. Lakini upasuaji huo hufanyika Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Kisii. Mfadhili akilipa chumba cha upasuaji, ukoo huchanga nauli kwa harambee, mama huacha kuchuma chai, shangazi hubaki na wadogo, na mbuzi aliyekuwa karo huuzwa.

Basi mfuko wowote wa hisani unaohudumia Gusii ulipe nauli, chakula na malazi ya mlezi pamoja na bili. Na atakayeandika kitabu kijacho cha maadhimisho aziweke gharama hizo katika safu ya michango, kwa majina ya koo zilizozilipa.