Mikono ya Nairobi, Majina ya Ng'ambo

Historia fupi ya Wakenya wanaojipatia riziki kwa kazi za mtandaoni

Ijumaa ya Juni 12, 2009, Rais Mwai Kibaki alikuwa Fort Jesus, Mombasa, kushuhudia kutua kwa TEAMS, mkongo wa mawasiliano uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, mwendo wa takriban kilomita 5,000. Julai 23 mwaka huohuo mkongo wa pili, SEACOM, ukaanza kazi, nao ukazihudumia Mombasa, Dar es Salaam na Maputo. Mwaka uliofuata ukaja wa tatu, EASSy. Ndani ya mwaka mmoja hivi, pwani iliyokuwa haijaunganishwa na dunia kwa njia hiyo ilikuwa na mikongo ya kushindania wateja.

Kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia angani. Ishara ilipanda hadi kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta, ikashuka upande wa pili. Sauti ilichelewa robo sekunde kwenda na robo nyingine kurudi, na kasi ya megabiti moja ililipiwa maelfu ya dola kwa mwezi. Hata hivyo walikuwapo waliojaribu. Kampuni ya KenCall, iliyoanzishwa Nairobi katikati ya muongo ule, ilikuwa ikihudumia wateja wa ng'ambo kwa simu zilizopitia setilaiti hizohizo, biashara ya maongezi ambamo kila swali lilisubiriwa jibu kidogo zaidi ya kawaida.

Serikali iliona mbali kwa kiasi fulani. Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008, ilizitaja huduma za aina hiyo miongoni mwa nguzo sita za uchumi, pamoja na utalii, kilimo, biashara, viwanda na fedha. Aliyesukuma gurudumu alikuwa katibu wa kudumu wa wizara ya habari na mawasiliano, Bitange Ndemo, ambaye wakati mazungumzo ya EASSy yalipozidi kuburura miguu kati ya mataifa, alishikilia kwamba Kenya ijitafutie mkongo wake. Ndivyo TEAMS ilivyozaliwa. Lakini picha iliyokuwa vichwani mwa wapangaji ilikuwa ya kumbi kubwa zenye mamia ya vijana wenye vipokea sauti masikioni. Kazi ilipofika, sehemu yake kubwa ilipita kumbi hizo na kwenda moja kwa moja vyumbani mwa watu.

Soko lilikuwa tayari

Soko lenyewe lilikuwa limeshajengwa kwingine. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Thomas Malone na Robert Laubacher, waliandika katika jarida la Harvard Business Review kwamba kampuni kubwa zingekuja kupisha vibarua huru wanaounganishwa na kompyuta, wakikutana kwa kazi moja na kutawanyika ikiisha. Mwaka uliofuata tovuti ya Elance ilianza. Mwaka 2003 Wagiriki wawili, Odysseas Tsatalos na Stratis Karamanlakis, wakaanzisha oDesk. Mmoja alikuwa Marekani, mwenzake Athens, na walitaka njia ya kufanya kazi pamoja bila mwajiri kuwa na shaka na mtu asiyemwona.

Dawa waliyoipata ya shaka hiyo ndiyo iliyounda biashara nzima. Programu ya oDesk ilipiga picha ya skrini ya mfanyakazi mara kadhaa kila saa na kumhifadhia mteja, pamoja na hesabu ya vibonye vilivyobofywa. Mteja akaweza kumlipa kwa saa mtu ambaye hajapata kumtia machoni. Desemba 2013 Elance na oDesk zilitangaza kuungana, na mwaka 2015 zikachukua jina la Upwork. Freelancer ilikuwa imeanzishwa Sydney mwaka 2009, na Fiverr, ya Israeli, mwaka 2010. Mkongo wa Mombasa, kwa hiyo, ulitua wakati soko limeshapangwa na wenye maduka ya kwanza wako tayari kupokea mikono mipya.

Mikono ilikuwapo. Vyuo vikuu vya Kenya vilikuwa vikipanuka kwa kasi huku nafasi za ajira zikiwa haba, na wahitimu wake walikuwa wamesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Wengine walianzia saiba za mjini, wakilipia kwa dakika. Modemu za simu ziliposhuka bei, kazi ikahamia Juja, Kahawa Wendani, Zimmerman na Roysambu, mitaa ya kando ya vyuo ambako chumba kilipatikana kwa bei nafuu na mtu aliweza kuchangia intaneti na jirani. Waliandika makala za tovuti, walisikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika, waliingiza takwimu. Bei iliwekwa kwa zabuni: mteja alitangaza kazi, mamia wakaiombea, na mara nyingi aliyejishusha zaidi ndiye aliyeipata.

Insha za wenyewe

Kazi iliyolipa vizuri zaidi ilikuwa ile isiyosemwa mbele ya wazazi. Wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia walihitaji insha, ripoti za maabara, hata tasnifu, na kampuni za kati ziliwatafutia waandishi. Kenya ikawa moja ya vituo vikuu vya biashara hiyo duniani. Malipo yalihesabiwa kwa ukurasa. Mwandishi wa Kahawa aliyeanza na dola chache kwa ukurasa alipanda akipata sifa nzuri, kisha akaanza kugawia wenzake kazi na kukata chake.

Saa ndizo zilizotawala maisha. Mwanafunzi wa New York anayetoka darasani saa kumi na mbili jioni anamkuta mwandishi wa Nairobi katika saa saba au saa nane ya usiku, kutegemea majira. Insha ya kesho asubuhi kule ni kukesha huku. Kizazi kizima cha vijana kililala mchana, na majirani wengi hawakuelewa ni kazi gani hii isiyo na ofisi wala sare.

Kisha kulikuwa na suala la akaunti. Majukwaa mengi yaliwapendelea waandishi wa nchi zinazozungumza Kiingereza kama lugha ya kwanza, mengine yakakataa maombi mapya kutoka Kenya. Basi akaunti zenyewe zikawa bidhaa. Iliyo na historia nzuri, jina la kigeni na nyota tano iliuzwa au kukodishwa, na mwenye jina alichukua fungu lake kila malipo yalipoingia. Akibadilisha nywila, mpangaji alipoteza kazi, sifa na pesa zilizokuwa zikisubiri, wala hakuwa na pa kushtaki.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hapa chanda kilikesha Juja, na pete ikavikwa Boston. Insha ilibeba jina la mwanafunzi, akaunti ikabeba jina la mwenye akaunti, na aliyefanya kazi hakuwa na mahali popote pa kuonyesha kwamba aliifanya. Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, aliwachunguza waandishi hawa, na mwaka 2024 filamu ya The Shadow Scholars, inayofuatilia utafiti wake, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza. Kinachojitokeza humo si kundi la wadanganyifu tu. Ni wasomi wanaozimudu shahada ambazo hawatapewa.

Nchi za wateja zilianza kufunga mlango. Australia ilipitisha sheria dhidi ya wauzaji wa huduma hizo mwaka 2020, na Uingereza ikafuata mwaka 2022 kwa vyuo vya England. Sheria zililenga wauzaji. Pigo kubwa zaidi lilikuja Novemba 30, 2022, siku ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma. Mwanafunzi sasa aliweza kupata rasimu bila kumlipa mtu yeyote wa Nairobi.

Pesa zinapofikia

Kufanya kazi kulikuwa nusu ya safari, kulipwa kukawa nusu ya pili. M-Pesa ilikuwapo tangu Machi 2007, lakini ilitumia shilingi na ilifanya kazi ndani ya nchi, ilhali dola za wateja zilikaa kwenye PayPal, Moneybookers au Payoneer. Kuzitoa kulihitaji benki, siku za kusubiri na ada kila hatua. Wengi waliwauzia madalali salio lao kwa bei ya hasara ili wapate pesa ya kodi ya nyumba kabla ya tarehe tano. Ni mwaka 2018 tu ndipo Safaricom na PayPal zilipounganishwa, na mtu akaweza kuhamisha malipo yake hadi kwenye simu.

Serikali nayo ilirudi uwanjani. Mwaka 2016 Wizara ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ilianzisha mpango wa Ajira Digital, na vijana wakafundishwa kufungua akaunti, kuandika maombi na kulipwa. Mafunzo yaliwasaidia wengi kuanza. Lakini yalimfundisha kijana jinsi ya kuingia sokoni, si jinsi ya kudai akidhulumiwa humo. Mwaka 2023 Sheria ya Fedha iliweka kodi ya asilimia 5 kwa mapato ya wanaotengeneza maudhui ya mtandaoni, baada ya mswada kupendekeza 15. Hazina ilikuwa imewaona wanaoishi kwa mtandao kabla ya sheria za kazi kuwaona.

Kufunza mashine

Huku insha zikishamiri, aina nyingine ya kazi ilikuwa ikikua. Leila Janah alianzisha Samasource huko San Francisco mwaka 2008, kwa wazo kwamba maskini apewe kazi ya kompyuta badala ya msaada, na Kenya ikawa uwanja wake mkuu. Kazi hizo zilibadilika kuwa chakula cha akili unde: kuchora mipaka ya magari na watembea kwa miguu kwenye picha, kupanga maneno, kutenga matusi. Kampuni ya Marekani ya Scale AI ikaleta jukwaa lake la Remotasks, ambalo kijana alilifanyia kazi akiwa nyumbani, akilipwa kwa kila kipande.

Januari 2023 jarida la TIME lilifichua kwamba wafanyakazi wa Sama, jina jipya la Samasource, jijini Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na unyanyasaji wa kingono, ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Hapo ndipo nyuzi mbili za historia hii zinapofungana: Nairobi ilisaidia kuifunza mashine adabu, na mashine hiyohiyo ikawanyang'anya waandishi wa Nairobi wateja wao wa insha.

Machi 2024 Remotasks ilifunga shughuli zake Kenya. Waliokuwa wakiitegemea walipata taarifa kwa baruapepe, na akaunti zikazimwa. Hapakuwa na notisi ya mwezi wala kiinua mgongo, kwa sababu kwa mujibu wa jukwaa hapakuwa na mwajiriwa.

Waliokuwa na mkataba

Linganisha na wasimamizi wa maudhui ya Facebook, ambao Sama iliwaajiri Nairobi tangu 2019. Nao walitazama picha za mauaji kwa malipo madogo. Lakini walikuwa na ofisi, meza, mkataba na jina kwenye hati ya mshahara. Mei 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyefutwa kazi alipojaribu kuwaunganisha wenzake, aliishtaki Sama na Meta, kampuni mama ya Facebook. Mwaka uliofuata wasimamizi 184 walienda mahakamani kupinga kuachishwa kazi, na Mei 1, 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakakubaliana kuunda chama. Meta ilijitetea kwamba haina ofisi wala biashara Kenya. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba inaweza kushtakiwa nchini.

Uamuzi huo ni mkubwa kuliko kesi yenyewe. Unasema kwamba kazi ikifanyiwa Nairobi, lalamiko lake linaweza kusikizwa Nairobi, hata kama pesa na amri zinatoka California. Lakini ili autumie uamuzi huo, mtu lazima kwanza athibitishe kwamba alifanya kazi na alimfanyia nani. Msimamizi wa Sama alikuwa na mkataba wa kuonyesha. Mwandishi wa Kahawa ana akaunti yenye jina la mtu mwingine na insha zenye majina ya wengine.

Sheria ya Ajira ya Kenya ni ya mwaka 2007, miaka miwili kabla ya mkongo kutua Fort Jesus, nayo humtambua mwajiriwa kama mtu anayelipwa ujira au mshahara chini ya mkataba wa kazi. Kwa miaka hii yote bidii ya serikali imekuwa kuleta intaneti, kisha mafunzo, kisha kodi. Kilichobaki ni kidogo kwa gharama na kigumu kwa siasa: kuyalazimisha majukwaa yanayonunua kazi hapa yaandikishwe hapa, yampe kila mfanyakazi kumbukumbu ya kazi yake kwa jina lake mwenyewe, na yasimzimie akaunti bila sababu na notisi. Bila hayo, kazi ya kesho, iwe ni ya kuandika au ya kufunza mashine, itaondoka kama zilivyoondoka za jana, na aliyeifanya hatakuwa na karatasi hata moja ya kupeleka kwa hakimu.