Majeruhi wa Fizi na Baraka: sheria inasema nini, na mpango uko wapi?

Mtu akianguka na pikipiki kwenye barabara ya taifa namba 5, ama akipigwa risasi huko milimani, ndugu zake wanajiuliza maswali matatu: tumpeleke wapi, kwa njia gani, na nani atalipa? Hapa kwetu mara nyingi jibu linategemea bahati. Kama motari yuko karibu, kama kuna mtu mwenye namba ya simu ya munganga, kama kuna shirika lenye gari, mgonjwa anafika. Vikikosekana, watu wanamubeba kwenye kipoyi.

Sheria zilizopo

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Kifungu cha 204 kinaachia jimbo kazi ya kupanga huduma zake za matibabu na afya ya msingi. Tarehe 13 Desemba 2018 ikatoka sheria namba 18/035, inayoweka misingi ya kupanga afya ya watu katika RDC. Ilirekebishwa tarehe 3 Machi 2023 ili kuingiza mpango wa afya kwa wote, ule tunaoita CSU. Tena, sheria ya makosa inamwadhibu mtu anayekataa kwa makusudi kusaidia aliye katika hatari, wakati angeweza kufanya hivyo bila kujihatarisha mwenyewe.

Huduma zenyewe ziko kwa ngazi tatu: wizara kule Kinshasa, Divisheni ya afya ya jimbo (DPS), kisha zoni ya afya. Teritware ya Fizi ina zoni za Fizi, Nundu, Kimbi-Lulenge na Minembwe. Kituo cha afya kinatoa huduma za kwanza. Hospitali kubwa ya zoni inapashwa kuwa na huduma nne: magonjwa ya ndani, upasuaji, uzazi na watoto.

Pengo liko wapi?

Ngazi hizi zinapanga majengo na wafanyakazi. Lakini majeruhi anahitaji pia njia iliyopangwa. Mwenye kutoka damu nyingi hawezi kungoja kituo kiandike karatasi, kisha familia itafute franga za mafuta, kisha ifike hospitali na kukuta mpasuaji hayuko. Mpango wa kweli wa majeruhi unasema mapema nani anazuia damu pale pale, nani anabeba, hospitali gani inapokea jeraha gani, nani anapiga simu mbele, na damu ya kuongezea mgonjwa inatoka wapi.

Tuliona hasara yake Sange, usiku wa tarehe 2 Julai 2010. Lori la mafuta lilipinduka katika barabara ya Uvira–Bukavu, moto ukawaka, na watu zaidi ya 230 wakafa. Waliochomeka walitawanywa kati ya Uvira na Bukavu, na helikopta za Umoja wa Mataifa zikasaidia kuwabeba. Helikopta hizo hazingojewi tena: MONUSCO iliondoka Kivu Kusini mwishoni mwa Juni 2024. MSF, iliyofanya kazi Baraka tangu 2003, ilitangaza mwezi Desemba 2020 kuondoa sehemu kubwa ya kazi zake Fizi, juu wafanyakazi wake walishambuliwa. Na Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu, njia ya kupeleka wagonjwa wazito kwenye hospitali za jimbo ikawa ngumu zaidi. Msaada wa shirika ni mzuri, lakini shirika linaweza kuondoka. Mpango wa serikali unapashwa kubaki.

Wengine wamefanya namna gani?

Marekani ilipitisha mwaka 1990 sheria ya kusaidia kila jimbo kupanga na kuendeleza huduma za majeruhi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Na mwaka 2007 mkutano mkuu wa OMS uliomba nchi zote zichunguze huduma zao za majeruhi na dharura, hata zile za nje ya hospitali, na zitumie pia njia za kienyeji zilizopo. Kwetu hiyo ni kusema: motari, wenye mitumbwi ziwani, vijana wa kipoyi. Hao ndio ambulansi yetu ya kwanza, na wanaweza kufundishwa kufunga jeraha na kushikilia mfupa uliovunjika.

Kuhesabu ndio kuanza

Mpango usiopimwa unabaki karatasi. Zoni inaweza kuandika mambo machache kwa kila majeruhi: saa ya kuumia, saa ya kufika, alibebwa na nini, alipasuliwa baada ya muda gani, na kama alipona, alibaki na kilema ama alikufa. Baada ya mwaka moja itaonekana ni wapi watu wanakufa: njiani, mlangoni, ama kitandani.

Mwananchi aulize nini?

Kila zoni inatengeneza mpango wa kazi wa mwaka, unaoitwa PAO. Kupitia CODESA ya eneo lako, uliza:

– Je, ndani ya PAO kuna mstari wa majeruhi na pesa ya mafuta ya kuwasafirisha?
– Usiku, nani anapokea simu ya dharura?
– Hospitali ina mpasuaji, damu na dawa ya usingizi leo?
– Familia isiyo na franga inapokelewa kwanza, ama inadaiwa kwanza?

Wajumbe wa bunge la jimbo nao wana uwezo wa kupitisha edi, yaani sheria ya jimbo, inayoagiza mpango huo na kuupima kila mwaka. Kifungu cha 204 kinawapa nafasi. Lakini zoni haina haja ya kungoja edi ili ifungue daftari la majeruhi: kalamu na saa vinatosha kuanza.