Miezi Sita ya Pembe: Historia ya Lado na Sheria Tunayoihitaji

Mgeni anayefika leo Arua au Koboko ataona masoko, pikipiki na malori yaelekeayo Kongo na Sudan Kusini. Si rahisi kwake kudhani kwamba nchi hii iliwahi kuwa uwanja wa mashindano ya kuua ndovu.

Wakati huo iliitwa Lado. Kwa mapatano ya mwaka 1906, Uingereza ilimwachia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji eneo hili kwa muda wa uhai wake tu. Akifa, lingekabidhiwa Sudan ndani ya miezi sita. Leopold alifariki tarehe 17 Desemba 1909, na makabidhiano yakafanyika Juni 1910. Katika kipindi hicho mamlaka yalilegea. Ng'ambo ya Mto Nile, nchini Uganda, leseni iliweka kikomo cha ndovu ambao mtu aliruhusiwa kuua. Lado hapakuwa na wa kumwuliza. Wawindaji wa Kizungu, akiwamo John Boyes, wakavuka mto na wapagazi wao, kila mmoja akitaka kulifikia kundi kabla ya mwenzake. Hakuna aliyetangaza zawadi. Pembe zenyewe zilikuwa zawadi, na mizani ikawa mwamuzi.

Nimesema mashindano kwa makusudi. Kushindana ni kitenzi cha kutendeana, nacho huhitaji pande mbili zilizokubali kuingia uwanjani. Wawindaji walikubali, ndovu alikuwa hesabu tu.

Mapema mwaka 1910, Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alipiga kambi mahali paitwapo Rhino Camp, jina ambalo wengi leo hulijua kwa makazi ya wakimbizi. Alikuja kukusanya vielelezo vya makumbusho ya Smithsonian. Hata hivyo, katika kitabu chake aliorodhesha wanyama waliouawa: yeye 296, mwanawe Kermit 216, wakiwamo faru weupe 9. Sisemi kwamba risasi zao ndizo zilizowamaliza faru; ujangili wa miaka ya vita ndio uliofanya kazi hiyo. Kufikia miaka ya 1980 Uganda haikuwa na faru wa porini. Wa aina hiyo ya kaskazini wamebaki majike wawili, Najin na Fatu, nchini Kenya. Dume la mwisho lilikufa mwaka 2018.

Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inaruhusu kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya wanyama walio hatarini kutoweka. Naiunga mkono. Lakini ningependa pia kifungu kinachotaja wazi kwamba kuua wanyama kwa kushindania idadi, uzito au zawadi ni haramu, awe mnyama adimu au wa kawaida. Huko Marekani, Vermont ilipiga marufuku mashindano ya kuua koyoti, mnyama wa jamii ya mbweha, mwaka 2018. New Mexico ikafuata mwaka 2019. Mkulima anayemfukuza nguruwe mwitu katika muhogo wake asiguswe, kwani huyo hashindani na mtu.

Tena kifungu hicho kisiishie Kampala. Mwaka 1910 kuvuka mto kulitosha kumwepusha mwindaji na sheria, na Koboko imepakana na nchi mbili bila hata mto wa upana wa Nile kati yao. Juba na Kinshasa nazo ziandike kifungu hicho hicho.