Reli ya Umeme ya Chicago hadi New York: Safari Iliyoishia Indiana

Mwezi Julai mwaka 1906, wasomaji wa magazeti mjini Chicago, Marekani, walikutana na tangazo lililoahidi makubwa: reli ya umeme iliyonyooka hadi New York, umbali wa takriban kilomita 1,200. Abiria angelipa dola 10 na kufika baada ya saa 10. Treni za mvuke zilizosifika kwa kasi zilihitaji saa 18.

Mwenye wazo hilo alikuwa Alexander C. Miller. Enzi hizo treni ndogo za umeme zilikuwa tayari zimeunganisha miji mingi ya majimbo ya Indiana na Ohio, hivyo watu hawakuliona kuwa kichekesho. Kampuni iliwauzia hisa wananchi wa kipato cha kawaida badala ya kutegemea mabenki makubwa, na kuwapasha habari za ujenzi kupitia jarida lake, Air Line News.

Kazi ilianza mwaka huohuo karibu na mji wa La Porte, Indiana. Masharti yake yalikuwa magumu: njia isipinde, isipande mwinuko mkali, wala isikatane na barabara au reli nyingine. Hivyo mabonde yalipaswa kufukiwa na vilima kukatwa.

Mwaka 1907 msukosuko wa fedha uliikumba Marekani na mauzo ya hisa yakadorora. Kisha likaja bonde la kijito cha Coffee Creek, ambako tuta kubwa la udongo lilimeza akiba ya kampuni.

Hatimaye zilijengwa takriban kilomita 30 tu, zote ndani ya Indiana. Mwaka 1913 kampuni iliunganishwa na nyingine za eneo la Gary, na mwaka 1917 treni zikaacha kupita katika njia hiyo. Wanahisa wakabaki na karatasi mkononi.

Hata hivyo, wanahistoria wa reli hawamhesabu Miller kuwa tapeli, kwani fedha za wanahisa ziliishia kwenye udongo na vyuma. Wala wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Mwaka 1964 Japani ilifungua kati ya Tokyo na Osaka reli ya umeme ya mwendo kasi isiyokatana na barabara. Lakini nyuma ya mradi huo ilisimama serikali, pamoja na mkopo wa Benki ya Dunia. Mzigo kama huo, huko Indiana, ulikuwa umetwishwa wenye akiba ndogo.