Washambuliaji wa Kariakoo: tunawalinganishaje wa zamani na wa sasa?

Nani alikuwa mkali zaidi, Kibadeni au Kagere? Mmachinga au Mayele? Ubishi huu hauishi kwenye vijiwe vya kahawa vya Kariakoo. Makao makuu ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, na ya Yanga yako kona ya mitaa ya Twiga na Jangwani. Kutoka jengo moja hadi jingine ni mwendo wa miguu tu. Lakini ubishi huohuo uko pia kijijini kwako, msikilizaji, kwa sababu klabu hizi mbili zilifika huko kwa redio miaka mingi kabla ya barabara ya lami.

Tatizo ni kwamba wabishi wengi hulinganisha vitu visivyolingana. Mzee anataja mechi moja ya mwaka 1977. Kijana anataja mabao ya msimu mzima. Kila mmoja anaondoka akiamini ameshinda. Katika makala haya tunaeleza vigezo vinavyoweza kutumika, na kila kigezo kinamweka nani mbele.

Kigezo cha kwanza: mechi ya watani

Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971, klabu hiyo ilikuwa ikijulikana kama Sunderland. Kwa mashabiki wengi, mshambuliaji asiyefunga kwenye mechi ya watani wa jadi hajakamilika, hata akifunga mabao 30 dhidi ya timu nyingine.

Juni 1968 Yanga iliifunga Sunderland mabao 5-0. Maulid Dilunga alifunga mawili, Saleh Zimbwe mawili na Kitwana Manara moja. Wana Msimbazi walisubiri miaka tisa kulipa. Julai 19, 1977, kwenye Uwanja wa Taifa ambao leo ni Uwanja wa Uhuru, Simba ilishinda 6-0. Abdallah Kibadeni, aliyeitwa "King", alifunga mabao matatu peke yake. Jumanne Hassan "Masimenti" alifunga mawili, na bao moja Yanga ilijifunga.

Mabao matatu ya Kibadeni katika mechi moja ya watani ndiyo yanayompa nafasi yake hadi leo. Vipigo vikubwa vimetokea tena baadaye, lakini mabao yaligawanyika. Mei 6, 2012 Simba ilishinda 5-0. Emmanuel Okwi alifunga mawili, na mengine matatu yalikuwa ya penalti zilizopigwa na Patrick Mafisango, Felix Sunzu na kipa Juma Kaseja. Novemba 5, 2023 Yanga ilishinda 5-1 kwa mabao ya Kennedy Musonda, Maxi Nzengeli aliyefunga mawili, Stephane Aziz Ki na Pacome Zouzoua. Kibu Denis ndiye aliyeifungia Simba.

Kwa kigezo hiki, basi, mzee wa kijiweni ana hoja. Siku moja ikiwa ndiyo kipimo, Kibadeni yuko juu.

Kigezo cha pili: mabao ya msimu

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965, na Sunderland ndiyo iliyokuwa bingwa wa kwanza. Rekodi ya mabao mengi katika msimu mmoja inayotajwa hadi leo ni ya Mohamed Hussein "Mmachinga", aliyefunga mabao 26 mwaka 1999. Jina lake la utani lenyewe ni la Kariakoo: mmachinga ni mfanyabiashara mdogo anayetembeza bidhaa mitaani. Aliyemkaribia zaidi katika miaka ya karibuni ni Meddie Kagere wa Simba, raia wa Rwanda, aliyefunga 23 msimu wa 2018/19 na 22 msimu uliofuata.

Hapa ndipo vijana wengi hukosea. Wanasoma idadi ya mabao bila kuuliza mechi zilikuwa ngapi. Ligi Kuu imekuwa ikibadilisha idadi ya timu. Timu zikiwa 14, kila moja hucheza mechi 26. Zikiwa 16 ni mechi 30, zikiwa 18 ni mechi 34, na zikiwa 20 ni mechi 38. Aliyefunga mabao 19 katika msimu wa mechi 26 hawezi kuwekwa chini ya aliyefunga 22 katika msimu wa mechi 38 bila kupiga hesabu.

Tumepiga hesabu hiyo kwa wafungaji bora wa misimu ya karibuni. Tumechukua mabao yao, tukayagawa kwa mechi za timu katika msimu, kisha tukatafuta wastani wa kila mechi 10:

- John Bocco, Azam, 2011/12: mabao 19, mechi 26. Wastani 7.3
- Amissi Tambwe, Simba, 2013/14: mabao 19, mechi 26. Wastani 7.3
- Amissi Tambwe, Yanga, 2015/16: mabao 21, mechi 30. Wastani 7.0
- Stephane Aziz Ki, Yanga, 2023/24: mabao 21, mechi 30. Wastani 7.0
- Emmanuel Okwi, Simba, 2017/18: mabao 20, mechi 30. Wastani 6.7
- Simon Msuva, Yanga, 2014/15: mabao 17, mechi 26. Wastani 6.5
- Meddie Kagere, Simba, 2018/19: mabao 23, mechi 38. Wastani 6.1
- Meddie Kagere, Simba, 2019/20: mabao 22, mechi 38. Wastani 5.8
- George Mpole, Geita Gold, 2021/22: mabao 17, mechi 30. Wastani 5.7
- Fiston Mayele, Yanga, na Saido Ntibazonkiza, Simba, 2022/23: mabao 17 kila mmoja, mechi 30. Wastani 5.7
- Jean Charles Ahoua, Simba, 2024/25: mabao 16, mechi 30. Wastani 5.3
- John Bocco, Simba, 2020/21: mabao 16, mechi 34. Wastani 4.7

Ukiangalia orodha hii utaona Kagere, aliyekuwa wa kwanza kwa idadi, anashuka hadi katikati. Tambwe kutoka Burundi anapanda. Tena katika orodha hii ni yeye pekee aliyekuwa mfungaji bora akiwa Simba na kisha akiwa Yanga. Kwa mtu anayejua chuki ya kihistoria iliyopo kati ya Msimbazi na Jangwani, hilo si jambo dogo. Alifunga akiwa na jezi nyekundu, akavuka, na nyavu bado zikamjua.

Hesabu hii nayo ina mipaka. Inahesabu mechi za timu, si dakika alizocheza mtu. Aliyeumia mwezi mzima anaonekana mdogo kuliko alivyokuwa. Pia haitenganishi penalti na mabao ya mchezo wa kawaida.

Kigezo cha tatu: mabao nje ya nchi

Wapo wanaosema ligi ya nyumbani haitoshi, na kwamba mshambuliaji hupimwa na mabeki wasiomjua. Simba yenye Kibadeni ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1974 na kutolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Ilitoka sare 0-0 na Stella mjini Abidjan, kisha ikafungwa 2-0 Dar es Salaam.

Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger ya Algeria. Mayele alifunga kwenye mechi ya nyumbani iliyoisha kwa kipigo cha 2-1. Yanga ilishinda 1-0 ugenini, lakini ikakosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Mayele alimaliza akiwa mfungaji bora wa mashindano hayo kwa mabao saba.

Kwa kigezo hiki, hata hivyo, anayetangulia ni Mbwana Samatta. Aliichezea Simba kabla ya kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011. Mwaka 2015 alifunga mabao saba katika Ligi ya Mabingwa Afrika, akafunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya hao hao USM Alger, na akatwaa kombe. Alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Baadaye alikuwa bingwa wa Ubelgiji na Genk, na Januari 2020 akajiunga na Aston Villa, ambako akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Kwa upande wa timu ya taifa, mzee atakukumbusha jina jingine: Peter Tino. Bao lake mjini Ndola dhidi ya Zambia mwaka 1979 ndilo lililoipeleka Taifa Stars kwenye fainali za Afrika za 1980 nchini Nigeria. Tulisubiri hadi 2019 kurudi huko.

Mpira wenyewe umebadilika

Kabla ya kumhukumu yeyote, kumbuka sheria. Hadi mwaka 1990, mshambuliaji aliyelingana na beki wa pili kutoka mwisho alihesabiwa ameotea. Sasa yuko salama. Hadi mwaka 1992, beki aliweza kumrudishia kipa mpira kwa mguu naye akaudaka. Mshambuliaji aliyekimbiza mpira huo alijichosha bure. Faulo za kutoka nyuma pia zilivumiliwa zaidi. Kibadeni, na baada yake Zamoyoni Mogella "Golden Boy" wa Simba, au Omar Hussein "Keegan" na Makumbi Juma "Homa ya Jiji" wa Yanga, walifunga chini ya sheria hizo ngumu.

Kwa upande mwingine, mshambuliaji wa leo anachunguzwa kwa video kabla hajaingia uwanjani. Anagombea namba na wachezaji kutoka Kongo, Burkina Faso, Ivory Coast na kwingineko. Hata kazi yenyewe imebadilika. Zamani mfungaji bora alikuwa namba tisa anayekaa ndani ya boksi. Aziz Ki na Ahoua ni viungo washambuliaji, wanaoanza mbali na goli.

Yasiyoonekana kwenye video

Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Kwa hiyo mabao ya 1968 na 1977 Watanzania wengi waliyasikia tu, masikio yakiwa kwenye Radio Tanzania. Bao la Mayele unaliona kwenye simu yako mara kumi kwa siku. La Kibadeni linaishi kwenye kichwa cha mzee aliyekuwepo uwanjani, au aliyekuwa amekaa chini ya mwembe na redio ya betri.

Hili linapunguza haki katika ubishi. Kijana anasema "sijaona" na mzee anaonekana mtunzi wa hadithi. Wengi waliokuwepo uwanjani wametutoka, na kila anayeondoka anaenda na mabao yake. Ukiwa na baba, babu au mjomba aliyeishuhudia mechi hizo, muulize bao liliingiaje, kwa mguu gani, nani alipiga krosi. Simu uliyoshika inaweza kurekodi sauti yake.

Jibu letu

Kwa siku moja, Kibadeni. Kwa idadi ya mabao katika msimu, Mmachinga. Kwa wastani, na kwa kufunga pande zote mbili za Kariakoo, Tambwe. Kwa Afrika na dunia, Samatta. Ubishi ukianza tena kijiweni kwenu, msitaje majina kwanza. Kubalianeni kigezo, kisha mmwage kahawa.