Nakala Iliyolala Kabatini: Historia ya Filamu Moja na Funzo Lake kwa Walimu

Mwalimu wa lugha aliyewahi kulinganisha hati mbili za utenzi mmoja anaijua taabu tunayokusudia kuieleza. Hati hii ina beti ambazo ile haina. Mnakili mmoja kabadili neno, mwingine karuka mshororo. Na mtunzi mwenyewe yu kaburini, hawezi kuulizwa. Ndiyo sababu hati za tenzi zetu, zile zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na zile zilizoko London, hazifai kuaminiwa moja moja, bali hupimwa hii kwa ile. Watu wengi hudhani kwamba taabu hiyo haimo katika filamu, kwa kuwa filamu ni kazi ya mashine. Sisi nasi tulidhani hivyo, na dhana hiyo ikatupotosha.

Filamu tutakayoizungumzia ni La Passion de Jeanne d'Arc, yaani Mateso ya Jeanne d'Arc, iliyoongozwa na Carl Theodor Dreyer, mwana wa Denmark, na kupigwa nchini Ufaransa. Ni filamu bubu: waigizaji wanaonekana wakisema, lakini sauti haisikiki, na maneno yao huletwa kwa maandishi yanayokatiza picha. Habari yake ni kesi ya msichana Jeanne, aliyehukumiwa mjini Rouen na kuchomwa moto tarehe 30 Mei 1431, akiwa na umri wa yapata miaka 19. Maneno ya kesi hiyo yaliandikwa na makarani wa mahakama, nayo yakasalia hadi leo. Dreyer aliyategemea maandishi hayo, akazibana siku nyingi za mahojiano zikawa kama siku moja. Renée Falconetti, mwigizaji wa jukwaani kutoka Paris, ndiye aliyeigiza Jeanne. Waigizaji hawakupakwa poda wala rangi, na kamera ilisogezwa karibu mno na nyuso zao, hata kila mkunjo wa ngozi na kila chozi likawa ni neno katika masimulizi.

Twaomba msomaji azishike vema tarehe zifuatazo, maana ndizo kiini cha makala haya. Filamu ilionyeshwa kwanza mjini Copenhagen tarehe 21 Aprili 1928. Huko Ufaransa wakubwa wa kanisa na wakaguzi wa serikali walitaka sehemu kadhaa zikatwe, na ilipofika kuonyeshwa Paris mwezi Oktoba mwaka huo, haikuwa tena kama alivyoitengeneza mwenyewe. Uingereza iliipiga marufuku kwa sababu ya jinsi ilivyowaonyesha askari wa Kiingereza. Kisha likaja pigo kubwa zaidi. Mwezi Desemba 1928 moto uliunguza maabara ya filamu mjini Berlin, na ukanda wa asili uliotoka katika kamera, ule ambao nakala zote hupigwa kwao, ukateketea. Yafaa tukumbuke kwamba kanda za filamu za wakati huo zilitengenezwa kwa dutu iitwayo nitrati, ambayo hushika moto upesi na huweza kuendelea kuwaka hata ndani ya maji. Dutu hiyo iliendelea kutumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Dreyer hakukata tamaa. Kila tendo lilikuwa limepigwa picha zaidi ya mara moja. Akakusanya vipande alivyokuwa ameviweka kando, akaiunda filamu upya, tukio kwa tukio, iifuate ile ya kwanza. Mwaka 1929 moto mwingine, safari hii katika maabara karibu na Paris, ukaipata kazi hiyo ya pili. Tangu hapo zikabaki nakala zilizotawanyika, nyingi zimekatwa na kuunganishwa kwa namna mbalimbali.

Mwaka 1951 mtu aitwaye Lo Duca alikuta katika ghala za kampuni ya Gaumont ukanda wa toleo lile la pili. Badala ya kuutoa kama ulivyo, aliutia muziki wa watunzi wa zamani wa Ulaya, kama vile Bach na Vivaldi, akaondoa baadhi ya maandishi na kuweka maneno chini ya picha, na mengine akayaweka juu ya picha za madirisha ya kanisa. Dreyer hakupendezwa hata kidogo. Hata hivyo, hiyo ndiyo filamu iliyozunguka duniani kwa miaka mingi, na wengi waliosema wameiona kazi ya Dreyer, kwa hakika waliiona hiyo.

Nasi tulikuwa miongoni mwao. Tulipokuwa wanachuo wa ualimu, mwenzetu mmoja alileta ukanda wa video alioununua katika duka moja mjini. Jalada lilitangaza kuwa ni filamu kamili ya 1928. Picha zilikuwa na ukungu, muziki ulivuma mwanzo hadi mwisho, na madirisha ya kanisa yalikuwamo. Tukaamini. Tulipoanza kazi tukawaambia wanafunzi wetu, mwaka baada ya mwaka, kwamba mwongozaji aliuchagua muziki ule ili kutia majonzi, na kwamba madirisha yale ni ishara ya imani ya Jeanne. Tuliwapa hata zoezi la insha juu ya ishara hiyo, na waliojibu vizuri tukawapa alama nyingi. Kumbe tulikuwa tukiwafundisha kazi ya Lo Duca kwa jina la Dreyer.

Ukweli ulikuwa umekwisha kufichuka zamani. Mwaka 1981, katika kabati la hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dikemark, karibu na Oslo nchini Norway, yaligunduliwa makopo ya filamu. Yalipopelekwa kwa wataalamu na hatimaye kuchunguzwa, ilionekana kuwa ni nakala ya toleo la kwanza, yenye maandishi ya Kidenmark na idhini ya wakaguzi wa Denmark ya mwaka 1928, haijapita mikononi mwa wakaguzi wa Ufaransa. Hakuna kumbukumbu iliyopatikana ya kueleza ilivyofika hospitalini. Jambo moja latuchoma moyo: Dreyer alifariki dunia mwezi Machi 1968. Aliondoka akijua kuwa kazi yake imeungua mara mbili, na hakujua kuwa iko nzima kabatini, katika nchi jirani na kwao.

Je, mwalimu anayetaka nakala njema ya nyumbani afanye nini? Kanda za video sasa zimepitwa na wakati; tuziache. Diski ya DVD iliyotolewa na Criterion huko Marekani mwaka 1999 ilitokana na nakala ya Oslo. Ndani yake umo muziki mpya wa Richard Einhorn uitwao Voices of Light, wa mwaka 1994, lakini mtazamaji anaweza kuuzima akatazama kwa kimya. Mwaka 2012 mfululizo wa Masters of Cinema huko Uingereza ulitoa diski ya Blu-ray yenye picha safi zaidi. Humo filamu imewekwa kwa kasi mbili, ya picha 20 kwa sekunde na ya picha 24. Ya kwanza huchukua yapata dakika 97, ya pili dakika 82. Isitoshe, toleo la Lo Duca limewekwa kando yake, ili mtu alinganishe mwenyewe. Mwaka 2018 Criterion nao wakatoa Blu-ray yenye kasi zote mbili.

Hapa pana tahadhari ambayo wauzaji aghalabu hawaitaji. Watengenezaji wa diski wameigawa dunia mafungu, na mashine ya fungu moja huweza kuikataa diski ya fungu jingine. Kwa DVD, Marekani ni fungu la 1, na nchi zetu za Afrika Mashariki ni fungu la 5. Kwa Blu-ray, Marekani ni A, na sisi pamoja na Ulaya ni B. Kwa hiyo mwalimu wa huku akiagiza Blu-ray ya Marekani huenda akapokea diski nzuri isiyofunguka, ilhali ile ya Uingereza imo katika fungu lake.

Zaidi ya hayo, twapendekeza maswali manne kabla ya kulipa. Kwanza: nakala hii imetokana na ukanda upi? Jalada likinyamaza juu ya asili yake, lishuku. Pili: maandishi ni ya lugha gani, na nani aliyatafsiri? Tatu: inakwenda kwa kasi gani na kwa dakika ngapi? Nne: muziki ni wa nani na wa mwaka gani, na waweza kuzimwa? Usafi wa picha usikuhadae. Nakala inaweza kung'aa na isiwe ya kweli, kama vile hati inavyoweza kuwa na mwandiko mzuri na maneno yaliyobadilishwa.

Sasa darasani tunaitumia filamu hii kwa namna nyingine. Tunaonyesha tukio moja la mahojiano, muziki umezimwa, na wanafunzi wanaandika kwa Kiswahili maneno wanayodhani yanatamkwa. Wengine humpa hakimu lugha ya upole, wengine ya ukali. Kisha tunasoma maandishi ya filamu na kuulizana nani amemwelewa. Halafu tunaonyesha tukio lilo hilo katika toleo la Lo Duca, na wanafunzi hujionea wenyewe jinsi mkono wa mtu wa tatu unavyoweza kuibadili kazi ya mtu.

Wale tuliowafundisha kwa ukanda ule wa zamani wametawanyika, na baadhi yao ni walimu kama sisi, pengine wasomaji wa kurasa hizi. Makala haya ni yao kabla ya kuwa ya mtu mwingine. Madirisha yale, wapenzi wanafunzi wetu, hayakuwa ya Dreyer. Alama mlizopata zilikuwa halali, kwa kuwa mlieleza vizuri mlichokiona. Kosa lilikuwa la mwalimu, ambaye hakuuliza nakala ile ilitoka wapi. Kuuliza si ujinga. Twawasihi nanyi muwafunze wanafunzi wenu kuuliza hivyo, iwe ni filamu, iwe ni utenzi, iwe ni kitabu tulicholetewa kikiwa tayari na jina la mtunzi juu ya jalada.